Walipoanza kuniita mwanahabari

Naandika haya kwa ajili ya kijana wa Nairobi, Tanga, Bujumbura au Muscat mwenye blogu au chaneli yake ya video, ambaye siku moja atafungua barua pepe na kukuta kampuni ya bustani za burudani imemwalika kwenye uzinduzi wa rola kosta mpya, yaani treni ya burudani inayopanda na kushuka kwa kasi kwenye reli, tena amepangwa kundi moja na televisheni na magazeti. Mimi nilipopata barua ya namna hiyo sikuwa na wa kumuuliza miongoni mwa walionitangulia. Mashabiki wenzangu wa Kimarekani walioalikwa walifurahi wakanyamaza, na wanahabari wa magazeti walitutazama kwa jicho la pembeni.

Kampuni iliyonialika sitaitaja. Baadhi ya watu walionipokea bado wako kazini pale na walinitendea wema, na yaliyonipata yanaweza kukupata kwa kampuni yoyote.

Nimezaliwa Lamu, nikakulia Mombasa, na sasa naishi Marietta, jimbo la Georgia, Marekani, kwa kadi ya kijani iliyotokana na ile bahati nasibu ya viza. Kazi inayonilisha ni kuhudumia wazee katika nyumba ya kutunza wagonjwa, zamu ya usiku. Mapenzi ya bustani za burudani yalinianza Florida, ndani ya Animal Kingdom ya Disney, kwenye kijiji kinachoitwa Harambe. Kijiji hicho kilifunguliwa pamoja na bustani yenyewe tarehe 22 Aprili 1998, na wabunifu wake, wakiongozwa na Joe Rohde, walichukua sura ya Lamu: plasta iliyochubuliwa kwa makusudi, mabango ya Kiswahili, hata ile hali ya ukuta uliokula chumvi ya bahari miaka mingi. Nilisimama pale nikajikuta nagusa ukuta kwa kiganja kuhakikisha. Nilijivunia, na papo hapo nikawa na maswali mengi: nani alikwenda kwetu kupima milango, nani alisahihisha Kiswahili cha mabango, na mgeni anayepita hapa anajua kwamba mji huu upo kweli na watu wanaishi humo?

Maswali hayo ndiyo yaliyonifanya nianze kuandika, kwa Kiswahili, kwa ndugu zangu waliokuwa wakiniuliza kwa nini natumia pesa nzuri kwenda kupigishwa mayowe juu ya reli. Wasomaji wengine wakaja bila kuitwa. Familia za Waswahili za Minneapolis, Columbus na Toronto. Akina mama waliotaka kujua kama mtoto wa futi tatu na nusu atapanda chochote siku nzima, kama chakula halali kinapatikana bila kutoka nje ya geti, kama mtu mwenye ushungi atazuiwa. Hakuna gazeti lililokuwa likiwajibu watu hawa. Niliwajibu kwa kwenda mwenyewe, kwa tiketi yangu.

Kisha ndipo barua ikaja.

Kabla sijasema nilichofanya, ni vizuri ujue kampuni hizi zilifikaje kwetu. Tarehe 31 Mei 2007 Universal Orlando, kampuni ya bustani za burudani ya Florida, ilikuwa tayari kutangaza kwamba inajenga eneo zima la Harry Potter. Cindy Gordon na wenzake wa kitengo cha masoko wangeweza kununua matangazo ya televisheni. Badala yake waliwaambia kwanza watu saba tu, mashabiki wenye tovuti zilizosomwa sana na wapenzi wa Harry Potter, kwa matangazo ya siri ya intaneti yaliyorushwa saa sita usiku, ambamo Stuart Craig, aliyebuni mandhari ya filamu za Harry Potter, alieleza mpango. Wale saba wakawaambia wasomaji wao, magazeti na televisheni yakaidaka habari, na wahusika wenyewe walikadiria kwamba iliwafikia watu milioni 350. Eneo lilipofunguliwa tarehe 18 Juni 2010, watu walikuwa wameshalingoja miaka mitatu. Disney nayo iliunda jopo la akina mama wa kujibu maswali ya wageni mwaka 2008, na mwaka 2009 ikaanzisha blogu yake ya bustani na klabu ya mashabiki ya D23. Hata kabla ya intaneti, wapenzi wa rola kosta wa Marekani walikuwa na chama chao, American Coaster Enthusiasts, tangu 1978, na bustani zilikwishajua faida ya kuwaita mapema.

Nimeirudia mara nyingi habari ya wale watu saba. Gazeti hualikwa kwa kuwa lina wasomaji. Wale saba walialikwa kwa kuwa walikuwa na wasomaji na pia kwa kuwa wanapenda, na kule kuambiwa kwanza kulikuwa malipo yao. Weka jambo hili akilini, kwani matatizo yote niliyoyaona baadaye yalitokea hapo. Mtu aliyealikwa kwa sababu ya mapenzi yake hutazamwa kila siku kama mapenzi bado yapo.

Barua ilikuja na fomu. Iliuliza wasomaji kwa mwezi ni wangapi, wanatoka nchi gani, umri wao, na ikaomba picha ya ukurasa wa takwimu. Iliuliza pia jina la mhariri anayenituma. Nilijiandika mwenyewe, maana ndiye mhariri, na hakuna aliyelalamika. Kuhusu takwimu nakusihi uandike ukweli ulivyo. Wana njia za kuhakiki, na kampuni moja ikikukamata na idadi ya kununua, maafisa uhusiano wa bustani hizi wanafahamiana wote. Wasomaji wangu walikuwa wachache kuliko wa wenzangu karibu wote waliokuwapo. Niliandika hivyo, nikaongeza kwamba ni watu ambao hawasomi kwingine kokote habari hizi kwa lugha yao. Afisa aliyenipigia simu alisema hilo ndilo lililomvutia.

Ndani ya fomu kulikuwa na kipengele kinachoiruhusu kampuni kutumia picha na video zangu milele, popote, bila malipo. Niliandika kwa adabu kwamba sikubali, kwamba wakihitaji picha fulani waniombe hiyo moja. Walikifuta siku hiyohiyo. Wengi hutia sahihi bila kusoma kwa kuogopa kufutwa jina, ilhali vipengele hivyo huwekwa na wanasheria na afisa aliyekualika hana shida navyo. Uliza pia, kwa maandishi, kama watataka kuona makala kabla haijatoka. Wakisema ndiyo, kataa mwaliko. Kusahihishiwa takwimu baada ya kuchapisha ni sawa na ni haki yao. Kupitishiwa makala ni kazi ya mtu mwenye mshahara wao.

Walinipa kiingilio cha watu wawili, chakula, na hoteli ya usiku mmoja. Sikujua nikubali nini nikatae nini, nikampigia mjomba wangu Mombasa, mzee aliyeandikia magazeti maisha yake yote.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba, mwanangu. Umeamka?”

Nilimweleza yote. Alinisikiliza, kisha akauliza hoteli analipa nani. Nikasema wao. Chakula? Wao. Akanyamaza kidogo.

“Unajua sisi hapa waandishi wakimaliza mkutano hupewa bahasha, wakaiita nauli. Mimi nimeona vijana hodari wakiharibiwa na hiyo nauli, na hakuna hata mmoja aliyeambiwa andika hivi au usiandike vile. Mtu akishakula, mkono wenyewe huwa mzito. Sasa wewe kitanda chao kikikubeba usiku, asubuhi utakiandikaje?”

“Nisiende?”

“Nenda. Jambo ambalo huwezi kuliona ila kwa kualikwa, kubali. Lile unaloweza kulilipia, lipa. Na msomaji umwambie juu kabisa, kabla hajasoma neno lingine, nani kakuingiza.”

Nilifuata alivyosema. Rola kosta isiyofunguliwa bado hainunuliki kwa tiketi, basi kiingilio nilikubali. Hoteli nilikataa. Baadaye niligundua kwamba ushauri wa mjomba wangu ulikuwa karibu sawa na sheria za hapa: mwongozo wa Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani, uliofanyiwa marekebisho mwaka 2009 na tena 2023, unamtaka anayesifia bidhaa mtandaoni aseme waziwazi kama amepewa kitu na mwenye bidhaa. Kutupia alama ya reli (#) na neno moja mwishoni mwa maandishi marefu hakutoshi. Mimi husema kwa sauti mwanzoni mwa video, kwa Kiswahili, na huandika katika mstari wa kwanza wa makala.

Gharama nizitaje bila kuficha, kwa sababu neno “bure” limewapoteza wengi. Petroli ya kwenda na kurudi, chumba cha moteli, zamu mbili za kazi ambazo sikulipwa, maikrofoni ndogo ya kuvaa shingoni na mtu wa kukaa na watoto. Zaidi ya dola mia nne zilitoka mfukoni mwangu kwa mwaliko wa bure, na matangazo ya blogu yangu yalikuwa hayajawahi kuniingizia hata robo ya hiyo kwa mwezi. Mume wangu alikubali kwa sababu aliniona nilivyofurahi. Kama nyumba yako inategemea mshahara wa wiki, piga hesabu hii kabla ya kujibu barua.

Shughuli huanza usiku. Televisheni za mji hutaka kurusha moja kwa moja kwenye taarifa za asubuhi, kwa hiyo saa kumi alfajiri tulikuwa tayari getini, baridi imetuchoma, taa kubwa zimewashwa juu ya reli na msichana anagawa kahawa. Kwenye meza ya beji nilikuta jina la blogu yangu, la Kiswahili, limechapwa vizuri bila kukosewa herufi, katikati ya kituo cha televisheni na gazeti la jimbo. Machozi yalinitoka. Nalisema hili bila haya, kwani furaha ile ni ya kweli na ina haki yake. Mtu anayefanya jambo miaka peke yake usiku baada ya kazi, akatambuliwa na wakubwa kwa jina, lazima aguswe. Ndiyo maana maamuzi yote magumu uyafanye nyumbani kabla ya kuiona beji.

Mambo machache ya kazi ambayo hakuna aliyeniambia. Kamera ya mkononi hairuhusiwi ukiwa umepanda, hata kwa wanahabari. Ikichomoka kwenye mwendo ule inaweza kuua mtu. Kamera hufungwa kwenye behewa na mafundi wenyewe, pamoja na kamba ya pili ya usalama, na lazima uombe siku kadhaa mbele. Usipoomba, watakupa video yao iliyo tayari, ileile watakayopewa wote. Kwa dada zangu wenye ushungi: pini zote zibaki kwenye begi, vaa ule ushungi wa michezo unaoshika kichwa na kuingia ndani ya kola, na umwonyeshe mwendeshaji kabla hujakaa. Mimi nilimwona mkuu wa waendeshaji mapema, akaushika kidogo pembeni, akaniambia uko sawa. Ningengoja mpaka nimekaa, behewa zima lingesimamishwa kwa ajili yangu mbele ya televisheni.

Mahojiano na mbunifu wa rola kosta huwa dakika chache, na afisa uhusiano husimama pembeni. Wengi huzimaliza dakika hizo wakiuliza wazo lilitoka wapi, jibu ambalo limeshaandikwa kwenye taarifa kwa vyombo vya habari. Uliza vitu vinavyomhusu atakayesimama foleni. Treni ngapi zitatembea siku ya kawaida? Kila moja ina viti vingapi, na inaondoka kila baada ya muda gani? Ukipata hayo unaweza kupiga hesabu mwenyewe. Treni ya viti 24 ikiondoka kila baada ya sekunde 72, watu 1,200 hupanda kwa saa. Treni moja ikitolewa ili kupunguza gharama, au mikanda ikikaguliwa polepole mpaka kila safari ichukue dakika 2, watu hushuka kuwa 720, na foleni ya saa moja inakaribia saa mbili bila mgeni hata mmoja kuongezeka. Mbunifu niliyemuuliza haya alichangamka kuliko alivyochangamka asubuhi yote. Mafundi hupenda kuulizwa kazi yao.

Halafu kuna embago, ile ahadi ya kutochapisha mpaka saa waliyoipanga. Uliyoikubali, itimize, hata ukiona mwenzako kaivunja na anavuna watazamaji.

Sasa nifike kwenye lile lililonifanya niandike. Siku ile ya uzinduzi nilipanda rola kosta nilivyotaka, bila foleni, treni zote zinatembea, waendeshaji hodari kuliko wote wamepangwa zamu, vyoo vinang'aa, maji yanagawiwa. Bustani ile haipo. Yaani ipo kwa asubuhi ile peke yake, kwa ajili yetu, na hakuna msomaji wangu atakayeingia humo kamwe. Ningewezaje kumwambia baba wa watoto wanne anayeweka akiba miezi kwamba panafaa, kwa ushahidi wa mahali ambapo yeye hatafika?

Kwa hiyo nilichapisha habari ya uzinduzi kama habari: kitu kipya kimefunguliwa, urefu wake huu, kasi yake hii, mimi nimekipenda, wao ndio walioniingiza. Sikumshauri mtu aende wala asiende. Wiki kadhaa baadaye nikarudi Jumamosi kwa tiketi zetu wenyewe, na mume, watoto, na mama mkwe ambaye magoti hayamruhusu kusimama muda mrefu.

Foleni ilizidi saa mbili. Treni moja haikuwapo relini. Mara mbili mtambo ulisimama. Mara ya pili kwa sababu ya radi, jambo ambalo ni la haki kabisa, maana vyombo vya nje vyote hufungwa radi ikikaribia. Lakini mlango wa wasioweza kusimama haukuwa na kibao, na mama mkwe wangu alitumwa kutoka mfanyakazi mmoja hadi mwingine, huyu akisema huku, yule akisema kule, mpaka akaketi kwenye ukingo wa bustani ya maua akasema, “Nendeni wanangu, mimi nitawangoja hapa.” Aliketi pale mchana kutwa. Watoto walifurahi, hata mimi nilifurahi nilipopanda. Rola kosta yenyewe ni nzuri na niliandika hivyo. Niliandika na yale mengine pia. Kabla ya kuchapisha niliwatumia ofisi ya uhusiano maswali manne kwa barua pepe, nikawapa siku tano za kujibu. Hawakujibu. Nikasema kwenye makala kwamba niliuliza.

Afisa alinipigia baada ya makala kuanza kusambazwa na Waswahili wa Marekani. Sauti yake ilikuwa ya upole. Hakukanusha hata sentensi moja. Alisema alishangaa, kwa kuwa walidhani mimi ni mmoja wa familia. Nilimjibu kwamba nashukuru, na kwamba familia yangu ndiyo ile iliyosimama kwenye foleni. Tukaagana vizuri. Mialiko ikakoma. Hakuna barua ya kunifukuza, hakuna tamko. Msimu uliofuata niliona tu picha za wenzangu wakiwa mbele ya mtambo mwingine mpya, beji kifuani, na simu yangu kimya.

Niliumia kuliko nilivyotegemea. Usiku kazini, wazee wamelala, nilikuwa nafungua ile makala na kutafuta maneno ya kulainisha. Nilijiuliza kama kibao cha mlango mmoja kilistahili gharama hii. Wenzangu wawili waliniandikia faraghani kwamba nimesema kweli, na hadharani hawakusema kitu. Siwalaumu, mmoja anaishi kwa video hizo. Ninachotaka ujue ni kwamba hakuna mtu atakayekuamuru chochote. Utajidhibiti mwenyewe, kidogo kidogo, kwa hofu ya kupoteza alfajiri moja yenye taa na kahawa. Makala sikuibadilisha.

Wakati huo ndipo nilipoisoma kwa jicho jipya habari ya Los Angeles Times na Disney. Septemba 2017 gazeti hilo lilichapisha uchunguzi kuhusu manufaa ambayo Disney imeyapata kutoka kwa mji wa Anaheim, ilipo Disneyland. Kampuni ikasema taarifa zile hazikuwa za haki, ikawanyima wahakiki wa gazeti kuona filamu zake kabla ya wengine. Vyama vinne vikubwa vya wahakiki wa filamu, cha Los Angeles, cha New York, cha Boston na kile cha taifa, vikatangaza kwamba filamu za Disney hazitafikiriwa kwenye tuzo zao mpaka marufuku iondolewe. Tarehe 7 Novemba 2017 iliondolewa. Gazeti lile lilikuwa na watu wa kusimama nalo. Shabiki mwenye blogu akiachwa nje, wenzake husogea kujaza kiti chake.

Kwa hiyo tulianzisha mpango wetu mdogo, watu wachache tunaoandika kwa Kiswahili, Kisomali na Kifaransa kutoka majimbo mbalimbali. Aliyealikwa huwapelekea waliosahaulika picha na majibu ya mahojiano, baada ya embago kuisha. Hakuna kampuni iliyolalamika hadi sasa, na inapunguza ule uzito wa kuogopa. Ukianza leo, tafuta wenzako kabla hujamtafuta afisa uhusiano.

Mambo ya sheria niyapitie kwa haraka, maana wengi huyajua wameshachelewa. Ukiwa Afrika Mashariki na kampuni ya Marekani ikakualika kuja kuripoti, viza ya matembezi siyo. Nchi hii ina viza ya kundi I kwa wanahabari wa vyombo vya nje, na ofisa wa mpakani akiona umekuja na barua ya kazi ya habari kwa viza ya utalii, safari yako inaweza kuishia pale. Ukiwa hapa kwa viza ya mwanafunzi, usipokee malipo ya video wala makala kabla ya kuongea na mwanasheria wa uhamiaji. Safari au zawadi uliyopewa kwa makubaliano ya kuitangaza kampuni inaweza kuhesabiwa kipato chako kwa thamani yake ya sokoni. Weka barua zote na risiti zote. Na kwa ndugu zangu wa Tanzania: jina la “mwanahabari” huja kwa milango mingine pia. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilimtaka mwenye blogu kusajiliwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya nchi hiyo, na kulipia leseni, na ada zikijumlishwa zilizidi shilingi milioni mbili. Kabla hujajitambulisha kwa kampuni ya ng'ambo kama chombo cha habari, angalia sheria za nyumbani zinakuitaje na zinakudai nini.

Mama mkwe wangu amerudi bustani nyingine tangu siku ile, ya kampuni nyingine, ambako kibao kilikuwapo na kijana mmoja alimshika mkono mpaka kitini. Hilo nalo niliandika, kwa furaha, na mstari wa kwanza ulisema tiketi tumenunua wenyewe. Afisa wa bustani ile aliniandikia wiki hiyohiyo kunialika kwenye uzinduzi wao wa msimu ujao. Jibu nililompa ndilo ninalompa kila anayenialika sasa, na una ruhusa ya kulinakili:

“Ahsante kwa mwaliko. Nitakubali kiingilio cha siku ya uzinduzi. Usafiri na malazi nitajilipia. Wasomaji wangu nitawaambia mwanzoni kwamba nyinyi ndio mlioniingiza. Siku hiyo nitaandika habari tu. Maoni yangu nitayaandika baada ya kurudi na familia siku ya kawaida, kwa tiketi tutakazonunua, na maswali yangu nitawatumia siku tano kabla ya kuchapisha. Makala siionyeshi mtu kabla haijatoka. Kukiwa na kosa la takwimu nitalisahihisha siku hiyohiyo na kusema nimelisahihisha. Picha zangu ni zangu. Mkihitaji mojawapo, niombeni hiyo. Kama masharti haya hayawafai, nitumieni taarifa ya kawaida pamoja na tarehe ya kufungua, nami nitakuja na kusimama kwenye foleni.”